Yeye Alijitaja, Wao Wakajificha: Nani Hasa Alikuwa Mwoga?

Jumapili ya tarehe 9 Februari 2014, kijana wa miaka 24 kutoka Texas alikaa mbele ya kamera za ESPN na kusema kitu ambacho hakuna mchezaji aliyekuwa akisubiri kuingia NFL aliyewahi kukisema hadharani kabla yake. Alisema yeye ni shoga. Alisema kwa sauti yake, uso ukiwa wazi, bila kuficha jina: Michael Sam, mchezaji wa safu ya ulinzi, Chuo Kikuu cha Missouri.

Siku hiyohiyo jarida la Sports Illustrated likatoa maoni ya watu wanane, mabosi na makocha wa timu za NFL. Walimchambua kijana wa watu mpaka kwenye mifupa. Ikasemwa atashuka kwenye orodha. Ikasemwa ligi haijawa tayari. Mmoja akadai huu bado ni mchezo wa wanaume kwelikweli, na kwamba mtu kama huyo angeharibu hali ya hewa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Maneno mazito hayo. Majina yao? Hakuna. Wote wanane waliomba wasitajwe.

Hebu tulia hapo kidogo. Upande mmoja kuna kijana hana mkataba, hana mshahara, hajui Septemba itamkuta mji gani, na ametaja jina lake. Upande wa pili kuna watu wazima wenye ofisi na mishahara minono, na wameficha majina yao. Halafu hao waliojificha ndio wanaotoa somo la uanaume!

Kila hadithi hii inaposimuliwa, anayejadiliwa ni Sam peke yake. Alikuwa na kasi au hakuwa nayo? Alitafuta kiki au hakutafuta? Wale wa gizani wanatoka bila doa, nguo nyeupe kabisa. Safari hii waguswe na wao.

Kwanza, jamaa alikuwa anajua kazi

Kwa wale ambao mpira wao ni wa miguu tu na wikiendi yao ni ya Arsenal na Man U, maelezo mafupi. NFL ni ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mabega ya plastiki. Ina timu 32. Wachezaji wanalelewa vyuoni, halafu kila mwaka kunakuwa na siku za drafti, yaani timu zinachagua vijana kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2014 walichaguliwa 256.

Kazi ya Sam uwanjani ilikuwa moja: kumwinda kwotabeki, yule anayerusha mpira, na kumwangusha chini kabla hajaurusha. Ni kazi inayohesabiwa kwa namba kama magoli ya straika, kwa hiyo maneno matupu hayasaidii. Msimu wa 2013 alimwangusha kwotabeki mara 11.5 (ile nusu ni pale mnapomwangusha wawili). Hakuna aliyemzidi katika SEC, kundi la vyuo vya kusini linalohesabika kuwa gumu kuliko yote Marekani. Akapewa heshima ya mchezaji bora wa ulinzi wa SEC, akigawana na mwenzake mmoja. Akaingia pia kwenye kikosi bora cha vyuo vya nchi nzima.

Na hapa kuna kitu ambacho wale wanane walikiruka kama hawakukiona. Wachezaji wenzake Missouri walikuwa wanajua. Aliwaambia Agosti 2013, kabla msimu haujaanza. Kikosi kizima, vijana zaidi ya mia moja wa umri wa kushika simu usiku na mchana, walijua siri hiyo msimu wote na hawakuimwaga kwa waandishi.

Sasa angalia matokeo. Msimu wa 2012, kabla hajawaambia, Missouri ilishinda mechi 5 na kupoteza 7. Msimu wa 2013, baada ya kuwaambia, ilishinda 12 na kupoteza 2, ikacheza fainali ya SEC, ikachukua Cotton Bowl. Msimu ulipoisha, wenzake haohao, waliooga naye, waliosafiri naye na kulala naye hoteli moja, wakapiga kura ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote kwenye timu. Wakamchagua yeye.

Hapana, si kwamba timu ilishinda kwa sababu Sam alijitangaza. Hakuna anayesema hivyo. Lakini kama kuna mtu bado anadai kwamba mchezaji wa aina hiyo lazima avuruge chumba, basi aeleze ni chumba kipi kilivuruga mambo hadi ushindi 12. Majaribio yalishafanyika, tena kwa msimu mzima, na majibu yalishatoka. Mabosi hawakutaka tu kuyasoma.

Neno lao la mtego: "usumbufu"

Ukiondoa matusi, kilichobaki kwenye midomo yao kilikuwa neno moja: usumbufu. Ati hawana shida na maisha yake, wao si wabaguzi, wanachoogopa ni usumbufu. Waandishi watajaa. Kamera zitajaa. Timu itashindwa kutulia.

Angalia ujanja wa neno hilo. Mtu anakukataa kazi, halafu sababu ya kukukataa anasema ni kelele zitakazopigwa na watu wengine. Yeye hahusiki. Mikono yake misafi. Kila aliyewahi kuzunguka na bahasha ya vyeti Dar au Nairobi anaujua mchezo huu. Huambiwi "hatukutaki". Unaambiwa "tutakupigia". Simu haiji, na hakuna wa kumuuliza, kwa sababu hakuna aliyetia sahihi popote.

Na kelele zenyewe zilianzishwa na nani? Sam aliongea na ESPN na gazeti la New York Times, akataja jambo lake, akarudi mazoezini kujiandaa na majaribio. Waliofanya iwe habari ya kila siku ni pamoja na wale wanane waliojificha wakimwaga petroli. Unawasha moto, unakimbia, halafu unarudi na kusema nyumba ile haikaliki, ina moshi.

Tena mwezi Agosti ilifika mahali ESPN ikatangaza hewani ripoti kuhusu Sam na wenzake na zamu za kuoga. Kuoga! ESPN yenyewe baadaye ikaomba radhi. Chris Long, mmoja wa wakongwe wa timu ya Sam, aliwajibu mtandaoni kwamba kila mtu ameshalizoea jambo hilo isipokuwa wao. Long aliandika kwa jina lake. Yeye alikuwa ndani ya chumba. Waliokuwa wanaogopa chumba walikuwa nje yake.

Usumbufu wa wengine ulivumiliwa

Kama NFL kweli ingekuwa inachukia usumbufu, mwaka huohuo ilipata nafasi nzuri ya kuonyesha.

Tarehe 15 Februari 2014, siku 6 tu baada ya Sam kujitangaza, nyota mmoja wa Baltimore Ravens alikamatwa Atlantic City kwa kumpiga mchumba wake kwenye lifti. Siku chache baadaye ikasambaa video ikimwonyesha akimburuta yule dada nje ya lifti akiwa hana fahamu. Hakuna aliyehitaji kubahatisha. Dunia nzima iliona. Je, timu ilimtema? Hapana. Mabosi wake walimtetea hadharani, kwa majina yao na nyuso zao. Julai ligi ikamfungia mechi 2. Mbili tu. Alitemwa Septemba 8, pale ilipovuja video ya pili iliyoonyesha ngumi yenyewe.

Kumtetea aliyemwacha mwanamke bila fahamu, watu walikuwa na majina. Kumzungumzia kijana ambaye hakumgusa mtu, majina yakapotea. Hivi hapo nani alikuwa anaona aibu, na kwa sababu gani?

Rudi nyuma kidogo, mwaka 2009. Michael Vick alitoka kifungoni baada ya kesi ya kupiganisha mbwa. Waandamanaji walikuwepo, kamera zilikuwepo, kelele zilikuwepo mpaka basi. Philadelphia Eagles wakampa mkataba. Na mzee aliyemshika mkono Vick na kumsaidia kurudi alikuwa Tony Dungy, kocha mstaafu aliyeshinda Super Bowl na Indianapolis Colts. Kumpa mtu nafasi ya pili ni jambo la kiungwana. Lakini Julai 2014 Dungy huyohuyo alisema yeye asingemchukua Sam, kwa sababu asingependa kushughulika na mambo yote yanayokuja naye. Kwa hiyo usumbufu wa Vick ulibebeka. Wa Sam ndio haubebeki.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Dungy angalau alisema kwa jina lake. Watu wakamjibu, akatoa ufafanuzi, mjadala ukaenda. Ndivyo wanavyobishana watu wazima. Unaweza kukosana naye kwa sababu unajua unakosana na nani. Wale wanane hawakuacha hata hiyo nafasi.

Namba 249

Turudi kwenye drafti. Kabla ya tangazo, orodha ya utabiri ya CBS ilimweka Sam karibu na nafasi ya 90. Baada ya tangazo, ndani ya muda mfupi, akaporomoka mpaka 160. Hajaumia. Hajacheza mechi nyingine. Hajakimbia hata hatua moja mbele ya wapima kasi. Alifungua mdomo tu, akapoteza nafasi 70.

Baadaye mwezi huohuo akaenda majaribio ya Indianapolis na, kusema ukweli, hakung'ara. Yadi 40 alikimbia kwa sekunde 4.91. Kwa nafasi yake hiyo ni taratibu. Umbo lake pia lilikuwa na utata: mdogo kidogo kwa kukaa mstari wa mbele, mzito kidogo kwa kukaa nyuma yake. Hayo ni ya mpira, na mtu yeyote ana haki ya kuyasema. Mtetezi wa Sam anayeficha namba hizo naye anadanganya.

Lakini kubali na jambo la pili. Kutoka 90 hadi 160 hakukusababishwa na saa ya Indianapolis, kwa maana saa ilikuwa haijabonyezwa. Mpira ulipewa lawama baadaye, kazi ikiwa imeshaanza kufanyika.

Tarehe 10 Mei 2014, siku ya mwisho ya drafti, majina yaliitwa na kuitwa. Walipobaki 8 tu, St. Louis Rams wakamwita: namba 249. Alilia kwenye simu, akambusu mpenzi wake mbele ya kamera kama walivyofanya vijana wengine wengi na wapenzi wao wikiendi hiyo. Mchezaji mmoja wa Miami akaandika mtandaoni kwamba ni jambo la kuchukiza. Timu yake ikampiga faini na kumpeleka mafunzoni. Dunia ikagombana siku tatu kuhusu busu. Hakuna aliyegombana kuhusu namba: mchezaji bora wa ulinzi wa kundi gumu kuliko yote vyuoni, ameitwa wa 249 kati ya 256.

Timu 31, mkono hata mmoja haukunyooka

Kwenye mechi 4 za maandalizi Sam aliwaangusha makwotabeki mara 3 na kukaba mara 11. Hiyo si namba ya mtu aliyeletwa kupamba picha. Lakini Rams walikuwa na safu ya ulinzi nzito kuliko timu nyingi. Mmoja wao, Robert Quinn, msimu uliotangulia alikuwa ameangusha mara 19. Agosti 30 Sam akatemwa. Kocha Jeff Fisher akasema ni uamuzi wa mpira tu. Haya, apewe hiyo. Rams ndio pekee waliomchagua, na pale kwao foleni kweli ilikuwa ndefu.

Ugumu unaanzia saa 24 zilizofuata. Kwa kanuni za NFL, mchezaji kijana akitemwa, timu nyingine zote zina nafasi ya kumdaka palepale. Timu 31. Kila moja ina nafasi 53 kwenye kikosi, na mwaka ule kulikuwa na nafasi 10 zaidi kwenye kikosi cha mazoezi. Zidisha mwenyewe: ni nafasi karibu 2,000 nje ya St. Louis. Si kila timu ilikuwa na akina Quinn. Mkono hata mmoja haukunyooka.

Siku chache baadaye, Septemba 3, Dallas Cowboys wakamchukua kikosi cha mazoezi. Mwaka ule mshahara wa chini kabisa wa mchezaji mpya kwenye kikosi kamili ulikuwa dola 420,000 kwa msimu. Kikosi cha mazoezi kilianzia dola 6,300 kwa wiki, na wiki ambayo hawakutaki, hakuna. Oktoba 21 wakamwacha. Hakuwahi kucheza mechi hata moja ya msimu wa NFL. Mwaka 2015 akaenda Montreal Alouettes ya Kanada, akacheza mechi 1 mwezi Agosti, akaondoka wiki moja baadaye akisema anahitaji kushughulikia afya yake ya akili.

Hapo wajuaji wakapiga makofi: si mliona, hakuwa na kiwango, kichwa pia kimemshinda. Yaani unamwekea kijana wa miaka 24 mzigo ambao hakuna aliyewahi kuubeba, miezi 18 mfululizo, halafu akichoka unasema ulijua tangu mwanzo.

Huyu si mtoto wa kishua aliyekosa cha kufanya, jamani. Ni mtoto wa saba kati ya wanane, familia iliyozika watoto na kuona wengine wakienda jela. Kuna kipindi aliishi na mama yake ndani ya gari. Alikuwa wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Mpira haukuwa starehe kwake. Ulikuwa njia ya kutoka.

"Si angenyamaza tu?"

Hili ndilo jibu linalopendwa, na linasemwa kama ushauri wa busara. Angenyamaza, angecheza, angelipwa, angesema akistaafu. Kwani kulikuwa na haraka gani?

Jibu la kwanza: haikuwa siri tena. Mwezi Januari, kwenye mechi ya maonyesho ya vijana wanaoelekea NFL, Sam aligundua kwamba maskauti na mawakala wengi walishajua na wanateta pembeni. Hakuwa anachagua kati ya kusema na kunyamaza. Alikuwa anachagua kati ya kusema mwenyewe na kusemwa. Alichagua kusema mwenyewe. Wanaomwita mtafuta kiki wanasahau kwamba kuna watu walikuwa wameshaanza kumuuza jina lake bila ruhusa. Ni kweli, baadaye kulitangazwa mpango wa kipindi cha televisheni juu ya maisha yake, ukaahirishwa, na huenda haikuwa busara kuutangaza mapema vile. Lakini kosa la ratiba ya televisheni halimpunguzii mtu namba uwanjani.

Jibu la pili ni kwamba ushauri huo umefuatwa miaka nenda rudi, na matunda yake yanaonekana. Mwaka 1975 David Kopay alisema, lakini alikuwa ameshastaafu NFL. Wengine waliomfuata nao walisema wakiwa wamestaafu. Kwenye soka letu hili ndio kabisa. Justin Fashanu, mtoto wa Mnigeria aliyekulia Uingereza, mchezaji wa kwanza mweusi kununuliwa kwa pauni milioni 1 pale Nottingham Forest walipomsajili mwaka 1981, alijitangaza mwaka 1990. Kazi yake ikawa ya kuzunguka klabu hadi klabu, na mwaka 1998 alijiua. Mchezaji mwingine wa kiume wa kulipwa aliyethubutu kusema Uingereza huku bado anacheza alikuja mwaka 2022: Jake Daniels wa Blackpool, kijana wa miaka 17. Miaka 32 katikati. Hebu fikiria klabu zote hizo, ligi zote hizo, maelfu ya wachezaji, na kimya cha miaka 32. Kimya kile kilitengenezwa na kila aliyeona Fashanu alivyozungushwa, akameza mate.

Na NFL? Mwaka 2021 Carl Nassib wa Las Vegas Raiders alijitangaza na akacheza msimu. Akawa wa kwanza kucheza mechi za msimu wa NFL akiwa amejitangaza. Watu wakasema umeona, dunia imebadilika, tatizo lilikuwa Sam. Taratibu. Nassib alikuwa tayari ana miaka 5 ndani ya ligi na mkataba wa mamilioni mfukoni. Alisema akiwa sebuleni, ameshakaa, ameshakula. Sam alisema akiwa mlangoni, anabisha hodi. Aliye ndani kumtoa kuna gharama na kuna maswali. Aliye nje unamwacha tu nje, na hakuna anayekuuliza.

Ndiyo maana swali la haki linapimwa mlangoni.

Hata usipompenda

Kuna msomaji atafika hapa na kusema: sawa, lakini dini yangu hairuhusu, mila zetu haziruhusu. Hakuna aliyeombwa kubadilisha dini. Sam hakuomba kubarikiwa na mabosi wa NFL, wala hakuomba wamshangilie. Aliomba kipimo kilekile wanachopimwa wengine: umemwangusha kwotabeki au hujamwangusha? Unafaa au hufai? Kama hafai, aambiwe usoni kwamba hafai kwa mpira. Mwaka 2015 alisema anaamini angekuwa bado NFL kama asingejitangaza. Huenda yuko sahihi. Huenda kasi ile ya 4.91 ingemwangusha hata hivyo. Hakuna atakayejua kamwe, na hilo ndilo kosa lenyewe. Walimnyima mpaka haki ya kushindwa kwa uwezo wake.

Wahenga hawakusema mnyonge umpende. Walisema haki yake umpe.

Na hapa mabosi wa Marekani si peke yao. Mbinu yao ni ileile ya akaunti isiyo na picha, yenye jina la tarakimu nane, inayoshukia ukurasa wa mtu usiku wa manane, inamwaga sumu, asubuhi imefutwa. Ni ileile ya mtu wa ofisini anayesema "mimi sina shida naye, ila watu wanasema". Watu gani? Hawana majina. Kila aliyewahi kukosa kazi, nyumba ya kupanga au mchumba kwa sababu ya "watu wanasema" anajua uzito wa mkono usioonekana.

Kwa hiyo sharti liwe dogo tu, na liwe kwa wote, kuanzia ofisi za NFL mpaka kundi la WhatsApp la mtaa. Kama una neno la kumnyima mtu riziki yake, weka jina lako chini ya neno hilo. Kama ni neno la kweli, jina halitakutia aibu. Kama unaona aibu kuliwekea jina, basi limeze, maana umeshajua mwenyewe ni neno la aina gani.

Michael Sam alikosa mshahara, akakosa jezi, akakosa hata dakika moja ya msimu. Jina lake alikuwa nalo mkononi tangu siku ya kwanza. Wale wanane mpaka leo hawajajitokeza kuchukua yao.